Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Konokono wa Miambani, Nasaba Zao na Sumu ya Rangi za Vyombo

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ni wajibu wangu kuwaelezeni yale ambayo kamati yenu imeyashughulikia tangu mkutano mkuu uliopita. Mambo ya ada, uanachama mpya na hesabu yamo katika taarifa za katibu na mweka hazina, nami sitayarudia. Nitajikita katika hoja moja iliyochukua sehemu kubwa ya vikao vyetu: je, tunaweza kuwatumia konokono wanaoishi baina ya maji kupwa na maji kujaa kuwa kipimo cha sumu inayotoka kwenye magati na machelezo ya pwani yetu, na kama inawezekana, tunapaswa kujua nini juu yao kabla ya kuanza kuwapima?

Hoja ililetwa na wanachama waliopendekeza kwamba tufuate njia iliyotumika Ulaya kwa zaidi ya miaka thelathini, yaani kupima viungo vya kiume vinavyoota kwa majike wa konokono waliopata sumu. Kamati iliona si vyema kuazima njia bila kujua ilikotoka, na historia yake ndiyo inayoeleza uamuzi tulioufikia.

Konokono aliyeanzishiwa njia hiyo ni Nucella lapillus, mwindaji mdogo wa miamba ya Atlantiki ya Kaskazini ambaye hutoboa magamba ya viumbe vingine na kula nyama iliyomo. Mwaka 1970, mtafiti Stephen Blaber aliripoti kwamba katika ghuba ya Plymouth, Uingereza, baadhi ya majike walikuwa wameota kiungo kinachofanana na uume. Mwaka uliofuata, B. S. Smith aliona jambo hilohilo kwa konokono wa matope wa Marekani, Nassarius obsoletus, akaliita imposeksi, na kufikia mwaka 1981 alikuwa ameonyesha kwamba chanzo chake ni tributilitini, kwa kifupi TBT, kemikali ya bati iliyotiwa katika rangi za kuzuia viumbe visigande chini ya vyombo. Wazee wetu walipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, na chombo kililazimika kupandishwa pwani mara kwa mara ili kipakwe upya. Rangi ya TBT ilimwondolea mwenye meli udhia huo kwa miaka kadhaa mfululizo, na si ajabu kwamba ilienea upesi duniani kote.

Uzito wa jambo ulidhihirika mwaka 1986, wakati Bryan, Gibbs na wenzao wa Plymouth walipoonyesha kwamba konokono hao walikuwa wakitoweka kusini-magharibi mwa Uingereza. Dalili za kwanza za imposeksi hutokea TBT inapokuwa nanogramu moja tu (sehemu moja ya bilioni ya gramu) katika lita ya maji, kiasi ambacho maabara nyingi za wakati ule zilipata taabu kukipima. Kiwango kinapopanda kwa nanogramu chache zaidi, mrija wa mbegu unaoota ndani ya jike huziba mlango wa kutolea mayai, vifuko vya mayai hubaki tumboni vikaoza, na jike huwa tasa au hufa. Isitoshe, Nucella hana vibuu vinavyoelea. Jike hubandika vifuko vyake mwambani, na watoto hutoka humo wakiwa tayari wanatambaa. Mwamba uliopoteza konokono wake hauletewi wengine na mkondo wa bahari. Husubiri hadi wachache watambae kutoka jirani, na kuna fukwe zilizosubiri miaka mingi.

Hatua za kisheria zilifuata, ingawa si kwa kasi moja. Ufaransa ilitangulia mwaka 1982, baada ya wakulima wa chaza wa ghuba ya Arcachon kuona magamba ya chaza wao yakinenepa na kuharibika umbo, na makinda yakikosekana. Uingereza ilifuata mwaka 1987. Nchi zote mbili zilizuia rangi hizo kwa vyombo vidogo vya chini ya mita 25, meli kubwa zikaachwa ziendelee. Ndiyo maana mahali kama Sullom Voe, katika visiwa vya Shetland, ambako meli kubwa za mafuta ndizo zilizokuwa zikitia nanga, konokono walikawia kupata nafuu. Mkataba wa Shirika la Kimataifa la Bahari wa kupiga marufuku rangi hizo kwa meli zote ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kufanya kazi tarehe 17 Septemba 2008. Tangu hapo imposeksi imepungua sana katika fukwe nyingi za Uingereza, na konokono wamerudi kwenye miamba mingi walikokuwa wametoweka.

Kama habari ingeishia hapo, kamati isingekuwa na la kujadili: tungenunua vipimio na kuanza kazi. Kilichotufanya tusite ni ufukwe mmoja wa Kent, Uingereza, uitwao Dumpton Gap. Mwaka 1993 Gibbs alieleza kwamba Nucella walikuwa wakiendelea kuzaliana hapo, mahali ambapo, kwa kiasi cha TBT kilichokuwamo majini, jamii hiyo ilipaswa kuwa imekwisha. Alipowachunguza madume aligundua kwamba baadhi yao walikuwa na uume mdogo mno au hawakuwa nao kabisa, na wengine mrija wao wa mbegu haukukamilika. Hiyo ilikuwa kasoro ya kijenetiki. Dume mwenye kasoro hiyo huwa na hasara, lakini dada yake mwenye urithi uleule hafaulu kuota viungo vya kiume hata akipata sumu, kwa hiyo mlango wake hauzibi na mayai yake hutoka salama. Hali hiyohiyo ilithibitishwa mwaka 1996 magharibi mwa Bretagne, Ufaransa, katika maji yaliyochafuliwa vilevile.

Naomba wanachama mlitafakari jambo hili kwa makini, kwa sababu ndilo lililobadili msimamo wangu mwenyewe. Mpimaji anayefika Dumpton Gap akiwa na rula peke yake, akalinganisha urefu wa viungo vya majike na vya madume, angeandika kwamba maji ni safi kuliko yalivyo. Kipimo chenyewe kilikuwa kimebadilika kutokana na kile kinachopimwa. Wala si kasoro hii pekee inayotofautisha ufukwe na ufukwe: katikati ya miaka ya 1950, mtafiti Staiger alikwisha kuonyesha huko Roscoff, Ufaransa, kwamba Nucella hawana idadi moja ya kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli), kwani waliopigwa na mawimbi walikuwa na 26 na wale wa sehemu tulivu walifikia 36, huku wengine wakiwa katikati.

Mabadiliko hayo hayahitaji karne nyingi. Nchini Uswidi, mlipuko wa mwani wenye sumu mwaka 1988 uliwaangamiza konokono wa aina ya Littorina saxatilis katika visiwa vidogo vya miamba. Mwaka 1992 kundi la mtafiti Kerstin Johannesson lilihamishia kwenye mwamba mmoja uliopigwa na mawimbi konokono waliozoea kuishi pamoja na kaa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yanaonyesha kwamba katika miaka 30 vizazi vyao vimegeuka kwa umbo la gamba na kwa jeni, vikafanana na wenyeji wa miamba ya mawimbi. Anayepima pwani ileile kwa miaka 30, basi, huenda mwishoni anapima mnyama mwingine.

Sasa nije pwani yetu. Baadhi yenu mlipendekeza tumtumie Terebralia palustris, yule konokono mkubwa wa matope ya mikoko, kwa kuwa ni rahisi kumpata. Kamati haikuafiki. Katika kundi lake madume hawana uume kabisa, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha na jike. Walioonekana kufaa ni wawindaji wa miambani wa jamii ya Thais, kwa kuwa jamaa yao wa Japani, Thais clavigera, amechunguzwa kwa kina: kwa kutumia konokono huyo, Nishikawa na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba kemikali za bati hujishikiza kwenye kipokezi cha seli kiitwacho RXR, na kwamba hata asidi ya retinoiki, ambayo mwili hutengeneza wenyewe, ikidungwa kwa jike huleta imposeksi. Hata hivyo, Thais si Nucella. Pale ambapo vibuu huelea, konokono tutakaowaokota karibu na gati huenda wazazi wao waliishi mbali kabisa na gati hilo, na kuwepo kwao kwa wingi hakutathibitisha kwamba maji ya hapo yanawaruhusu kuzaana. Tutakachotazama ni hali ya kila jike, si idadi ya konokono.

Kwa sababu hizo kamati inapendekeza mambo yafuatayo, na inaomba yapigiwe kura leo. Kila konokono atakayepimwa ahifadhiwe kipande cha nyama ya mguu wake katika spiriti, kikiwa na jina la ufukwe na tarehe, ili maabara yoyote tutakayoafikiana nayo iweze kusoma DNA yake baadaye. Kila gati liwe na ufukwe wa kulinganishia ulio mbali na njia ya vyombo. Idadi ya konokono wanaochukuliwa iwe ndogo, na kina mama waokotao kombe katika fukwe hizo waelezwe mapema tunachofanya, maana wao wapo pale kila bamvua na sisi ni wageni. Tena, mwanachama yeyote asitangaze matokeo ya gati lolote kabla kamati haijayaona pamoja na yale ya ufukwe wa kulinganishia. Najua sharti hili halikuwapendeza wote, nami bado naliunga mkono.

Gharama ya spiriti na chupa imo katika ukurasa wa mwisho wa makadirio ya mweka hazina. Mafunzo ya kutambua jike na dume yatafanyika katika bamvua ya kwanza baada ya mkutano huu, na wanaotaka kushiriki wajiandikishe kwa katibu kabla ya kuondoka ukumbini.