Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2024: Mwaka wa Kwanza Bila Tallawahs

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wasiokuwa katika hayo mawili, hamjambo.

Shughuli za mwaka za chama chetu cha mashabiki wa kriketi mnazijua, sitawachosha. Tulikutana mara nne, tukachangia misiba miwili na harusi moja, tukachoma nyama siku ya Pasaka. Mwezi Juni Kombe la Dunia la kriketi ya ova 20 (ova moja ni mipira sita) lilifika hapa kwetu Lauderhill, Florida, uwanja wa Central Broward. Tukalipa tiketi, tukatazama mvua. Siku ya Marekani na Ireland haukurushwa hata mpira mmoja, na mvua hiyo hiyo ikawatoa Pakistani mashindanoni wakiwa wamekaa tu. Wenzetu wa Uganda walipata furaha yao: waliifunga Papua New Guinea kule Guyana, na Frank Nsubuga, mtu wa miaka 43, akarusha ova nne akawaachia mbio nne basi, yaani pointi nne tu. Siku tatu baadaye West Indies waliwatoa Uganda wote wakiwa na mbio 39 tu. Wale wanaonicheka mimi mwaka huu wakumbuke kuwa usiku ule nilinyamaza.

Sasa jezi.

Maneno yamekuwa mengi kwamba niliagiza jezi za Falcons, timu iliyochukua nafasi ya Tallawahs wetu, kabla ya kura, nami nimevumilia. Naomba nieleze kwa utaratibu, maana wengine walijiunga juzi hawajui tulikotoka. Chama hiki kilianza 2016, Jamaica Tallawahs, timu ya ligi ya kriketi ya Karibi (CPL), walipoletwa kucheza Lauderhill. Tulikuwa watu saba na ngoma moja, na ngoma ilikuwa yangu. Mwaka ule ule wakachukua kombe kwa kuwafunga Guyana kwa wiketi tisa, yaani wapigaji tisa wakiwa bado hawajatolewa, Chris Gayle akipiga mbio 54 kwa mipira 27. Lilikuwa la pili baada ya lile la 2013. La tatu likaja 2022, wakaifunga Barbados Royals pale Providence, Guyana. Neno lenyewe tallawah, kwa Kijamaika, ni mwenye nguvu asiyechezewa, hata akiwa mdogo. Tulilipenda kwa sababu linatuhusu.

Lakini mpira ni fedha. Tangu 2019 uwanja wa Sabina Park kule Kingston haukuchezewa mechi hata moja ya ligi hii. Mabingwa wa 2022 walikuwa mabingwa wasio na nyumbani: mechi zao zote ziliishia St Kitts, St Lucia, Trinidad na Guyana. Mwishoni mwa 2023 tukasikia timu haipo tena na nafasi yake wamepewa Antigua na Barbuda, Falcons. Kosa hilo si la mwenyekiti. Nalisema kwa sababu kuna mtu aliniuliza, mbele ya watoto wangu, kwa nini niliiacha timu ife.

Ikabaki tufanye nini. Wako waliosema tumfuate Rovman Powell, nahodha wetu wa 2022, aliyekwenda Barbados Royals. Wako waliosema tukae eda mwaka mzima. Mimi na kamati yangu tuliona twende Falcons. Sababu ni mbili. Kwanza, nafasi ni ile ile. Mwenye kununua nyumba ya marehemu si adui wa marehemu. Pili, fainali ile ya 2022 aliyetupigia 83 bila kutolewa ni Brandon King, na aliyechukua wiketi tatu, yaani aliyewatoa wapigaji watatu, ni Fabian Allen. Wote wawili walikwenda Falcons. Mkinihesabia Powell mmoja, nami nawahesabia wawili.

Nimelaumiwa kuwa niliagiza jezi 40 mwezi Julai wakati kura ilipigwa Agosti. Ni kweli. Muuzaji alikuwa anapunguza bei hadi mwisho wa Julai, dola 19 badala ya 27, na hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Nimelaumiwa pia kuwa kura ilikuwa tano kwa nne, na wa tano ni mimi. Hilo nalo ni kweli. Lakini sisi ni wanachama 41. Mkutano ule ulitangazwa wiki tatu kabla, nikaukumbusha mara mbili, nikapanga viti 35 kwa mikono yangu. Wakaja tisa. Mmoja wao alikuwa anapita tu, alifuata sufuria yake ya Pasaka. Wale 32 ambao hawakuja ndio waliopiga kura ile, si mimi.

Falcons hawakuvuka hatua ya awali, nakubali. Royals wa Powell walifika hatua moja kabla ya fainali, na sitaambiwa mara ya pili kuhusu usiku ule taa za Providence zilipozimika, Royals wakapewa kufukuzia mbio 60 kwa ova tano, David Miller akapiga 50 kwa mipira 17. Niliona kwa macho yangu, na baada ya hapo simu yangu haikupumzika hadi alfajiri. Naomba tu mtu aniambie ni mwenyekiti gani, mwezi Julai, angejua kwamba taa zitazimika Oktoba. Hata hivyo Royals hawakulichukua. Kombe lilikwenda Saint Lucia, ambao hawakuwahi kulipata tangu ligi ianze 2013, na hapa chamani hakuna aliyewataja.

Kuhusu bendera. Nilipanda ngazi kuiteremsha ile ya Tallawahs ukumbini, nikiwa na nia njema ya kuikunja na kuitunza. Mama aliyeishona alikuja akashika ngazi kwa chini. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Baba, mapindo yale nilishona kwa mkono, siku nne, na macho yangu haya." Nikashuka. Ona mwenyewe ukifika: herufi ya W imekaa upande kidogo kwa sababu uzi wa njano ulimwishia, akamalizia na wa rangi ya haradali. Bendera ipo palepale. Kamati haijalitolea uamuzi, na kwa maoni yangu halihitaji uamuzi.

Fedha. Tulianza na dola 1,180. Ziliingia 850 za ada, 330 za nyama choma na 275 za jezi 11 zilizouzwa. Zikatoka 400 za misiba, 150 za harusi, 760 za jezi na 95 za maturubai. Zimebaki 1,230, mweka hazina anazo karatasi zote. Ada ni dola 50 kwa mwaka. Waliolipa ni 17. Wasiolipa ni 24, na katika hao nawajua tisa wanaoandika kila siku kwenye kundi letu la WhatsApp kuhusu matumizi mabaya ya fedha za chama. Fedha zipi, ndugu zangu? Gharama ya tangazo la mkutano, karatasi na mafuta ya kwenda kuchukua maturubai, dola 62, nilitoa mfukoni na sijaidai.

Mwakani, Mungu akipenda, tunafikiria safari ya Antigua kuuona uwanja wa Sir Vivian Richards, ikiwa watu watajiandikisha. Tunafikiria pia kuwafundisha watoto kriketi Jumamosi. Na kama Jamaica watarudi ligini, basi tutakaa tuzungumze upya, mkija.

Jezi 29 zilizobaki ziko gereji kwangu. Ndogo zimekwisha, zipo kubwa na kubwa zaidi. Anayetaka aje baada ya saa kumi jioni, agonge mlango wa pembeni, na tafadhali asipige honi.

Wenu,
Mwenyekiti