Mjomba, picha za kambini sikupiga

Shikamoo Mjomba,

Umeniuliza mara mbili picha ziko wapi, na mara zote mbili nimekujibu "nitatuma". Za geti la Brandenburg nilikurushia siku ile ile. Za Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi, hazipo, sikupiga hata moja. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu vijana wa kwetu wanaopita Berlin wananiuliza kama mahali pale panafaa kwenda.

Panafaa. Sachsenhausen ipo Oranienburg, kaskazini mwa Berlin. Unapanda treni ya S1 hadi kituo cha mwisho, kisha unakwenda kwa miguu ukipita kwenye makazi ya watu, bustani na baiskeli za watoto. Nilidhani Wanazi waliificha porini. Kumbe waliijenga mwaka 1936 ubavuni mwa mji, na wafungwa walipitishwa mbele ya macho ya watu.

Getini, kwa herufi za chuma, wameandika kwamba kazi humweka mtu huru. Ndani ni uwanja tu, na upepo. Vibanda vingi vilishabomolewa. Palipokuwa na kibanda pamemwagwa kokoto. Zaidi ya watu 200,000 walipita humo hadi 1945: wapinzani wa Hitler, Wayahudi, Waroma (jamii ya wachache ya Ulaya), Mashahidi wa Yehova, mateka wa Kisovieti ambao zaidi ya 10,000 waliuawa kwa risasi mwaka 1941.

Nilipokaa sana ni kwenye njia ya viatu. Inazunguka uwanja ambako wafungwa walikuwa wakihesabiwa, na imegawanywa vipande: hapa saruji, pale kokoto, mbele mchanga. Wafungwa walitembezwa juu yake kutwa nzima, hadi kilomita 40 kwa siku, ili kupima soli za viatu zitadumu kiasi gani. Mjomba, hiyo ni karibu kutoka Posta mpaka Kibaha, na mtu ana njaa, na kesho anaanza tena. Kilichokuwa kinapimwa ni kiatu. Mtu alikuwa wa kuchakaa.

Kibanda namba 38 walijazwa Wayahudi, kabla ya waliobaki kupelekwa Auschwitz mwaka 1942. Mwaka 1992 wafuasi wapya wa Unazi walikitia moto. Kilipotengenezwa, sehemu iliyoungua iliachwa ionekane, rangi imetoka malengelenge kama ngozi ya mtu. Mwaka 1992, Mjomba! Mimi nilikuwa nimeshazaliwa.

Najua utasema Wajerumani hao hao walitunyonga Songea. Sijasahau. Nilikuwa darasa la nne uliponipeleka Februari 27 kwenye kaburi la mashujaa wa Majimaji walionyongwa 1906. Ulinivua kofia, na nilipocheka na mwenzangu ulinifinya sikio. Ndiyo maana kule Berlin, kwenye kumbukumbu ya Wayahudi milioni 6 waliouawa, yenye mawe 2,711, nilipoona watu wakirukaruka juu yake wakijipiga picha, nililihisi sikio langu. Simu nikaizima, na kesho yake kambini sikuiwasha.

Sasa nikwambie lililonipeleka. Humo kambini alifia mtu wa Dar es Salaam. Jina lake Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa 1904. Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, naye mwenyewe aliingizwa jeshini bado mtoto, Vita Kuu ya Kwanza. Nakusikia ukiguna: mtoto wa askari! Nami niliguna. Lakini mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara yao waliyodhulumiwa, akaambiwa amechelewa. Akabaki. Alihudumu mezani kwenye mkahawa, akaigiza filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Waliojifunza kwake kusema "hujambo" waliishi mji ule ule ambamo alikamatwa mwaka 1941, kwa kosa la kuwa na mwanamke wa Kijerumani. Alifariki Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Sisemi kambi ile ni yetu kwa sababu yake. Kila aliyetembezwa kwenye ile njia alikuwa na mjomba mahali fulani. Ila nilipokuwa nimesimama pale nilikuwa nawaza kwa Kiswahili, na nikajua sikuwa wa kwanza.

Jioni nilikwenda mtaa wa Brunnenstraße, alikoishi. Mbele ya nyumba namba 193 kuna kijibamba cha shaba, hakizidi kiganja, kimepachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, na jina lake limechongwa. Watu wanapita na mifuko ya sokoni. Nilichuchumaa, nikakifuta kwa ncha ya shati hadi herufi zikang'aa.

Ijumaa ukienda msikitini, nakuomba umsomee Fatiha. Mtaje kwa jina alilopewa na baba yake: Mahjub bin Adam Mohamed.

Mpwa wako