Barua ya wazi kwa mpwa wangu: fotoni moja haitoshi

Mpwa wangu mpendwa,

Nimeisoma karatasi yako ya jaribio la fizikia, pamoja na malalamiko uliyoyaandika pembeni kwamba umenyimwa alama mbili bure, na tena kwamba huoni sababu ya mota ya umeme na kuangamizana kwa chembe kuwekwa katika mtihani mmoja. Nakujibu hadharani kwa sababu kosa lako ni la wengi, na mjomba wako naye aliwahi kulifanya.

Ulichora elektroni na positroni (pacha wake mwenye chaji chanya) zikikutana, kisha ukachora wimbi moja likitoka, yaani fotoni moja, chembe ya mwanga, na chini yake ukaandika kwamba masi imegeuka nishati. Hesabu ya nishati haina kasoro: masi ya elektroni ni kilo 9.11 × 10⁻³¹, na ukiizidisha kwa mraba wa kasi ya mwanga unapata juli 8.2 × 10⁻¹⁴, yaani takribani kiloelektronivolti 511. Kwa kuwa positroni ina masi hiyohiyo, jumla ni 1,022. Chaji nayo haina shida, maana hasi moja na chanya moja hufutana. Ulichosahau ni daftari la tatu, la momenta, yaani kiasi cha mwendo pamoja na mwelekeo wake. Chembe mbili zinazokutana zikiwa zimekaribia kutulia zina jumla ya momenta sifuri, na sifuri hiyo haina budi kubaki sifuri baada ya chembe zenyewe kutoweka. Fotoni haina masi, lakini ina momenta, na kamwe haisimami. Basi ikitoka peke yake kuelekea kulia, ni nani atakayebeba momenta ya kushoto? Ndiyo maana hutoka fotoni mbili za miali ya gama, kila moja na 511 yake, zikiwa zimepeana mgongo. Vipimo vya PET hospitalini, vinavyopiga picha ya ndani ya mwili kwa dawa inayotoa positroni, vimejengwa juu ya jambo hilo: vipokezi viwili vinapopigwa karibu kwa wakati mmoja kwenye pete inayomzunguka mgonjwa, kompyuta huchora mstari kati ya vipokezi hivyo na kujua kwamba tukio lilitokea mahali fulani kwenye mstari huo. Kwa mchoro wako, mstari huo usingekuwapo.

Sasa niunganishe na mota, kwa kuwa hapo ndipo uliposema hakuna uhusiano. Mwaka 1932 mwanafizikia Carl Anderson, nchini Marekani, alikuwa akipiga picha za njia za chembe za miali ya anga (chembe zitokazo angani) ndani ya chemba ya mawingu, chombo chenye mvuke ambamo chembe ikipita huacha mstari wa ukungu, iliyowekwa kwenye uga sumaku wenye nguvu. Katika picha moja aliona njia iliyopinda kama ya elektroni, ila kuelekea upande usiotarajiwa. Mtu mbishi angeweza kusema kwamba hiyo ni elektroni ya kawaida iliyopita kwa kinyume, lakini katikati ya chemba kulikuwa na bamba la risasi (ile metali nzito) lenye unene wa milimita 6, na chembe ikipenya bamba hupoteza nishati, kwa hiyo njia yake hupinda zaidi baada ya kutoka. Upande wa juu ndio uliopinda zaidi. Basi chembe ilikuwa ikipanda, na chaji yake ilikuwa chanya: ilikuwa positroni. Kani iliyoipinda njia ile ndiyo kani inayousukuma waya wa mota yako: chaji inayotembea ndani ya uga sumaku husukumwa kando. Katika waya chaji ni nyingi mno, nasi tunazijumlisha zote kwa kuandika F = BIL, yaani kani ni uga sumaku mara mkondo mara urefu wa waya.

Swali lako la mota lilihitaji daftari pia. Uliandika kwamba mota ya volti 12 yenye koili ya omu 2 huvuta ampia 6 wakati wote. Hiyo ni kweli inapoanza tu, au ukiushika mhimili wake kwa vidole usizunguke, na hapo wati 72 zote huwa joto, ndiyo maana utasikia harufu ya vanishi inayoufunika waya ikiungua. (Usijaribu kwa zaidi ya sekunde chache.) Koili inapozunguka, nayo huzalisha volti zinazopinga betri. Zikifika 10, zinabaki 2 tu za kusukuma mkondo katika omu 2, yaani ampia 1: zinaingia wati 12, mbili zinapotea kama joto, na kumi zinakwenda kwenye kazi. Mota haili mkondo; ampia inayoingia ndiyo inayotoka.

Kuhusu mota ndogo uliyoiunda mezani, inayotikisika bila kuzunguka, nadhani umekwangua vanishi yote kwenye ncha zote mbili za waya. Koili yako haina komuteta, kile kifaa cha kugeuza mwelekeo wa mkondo kila nusu mzunguko, kwa hiyo baada ya nusu mzunguko kani huirudisha ilikotoka. Kata waya mpya. Ncha moja ikwangue pande zote. Ya pili ilaze juu ya meza huku koili ikiwa imesimama wima, kisha ukwangue upande wa juu tu, ili mkondo ukatike kwa nusu mzunguko na koili ipite hapo kwa kasi iliyokwisha kuipata. Ukimaliza, isukume kidogo kwa kidole.

Mjomba wako