Barua ya Wazi kwa Wajumbe Vijana Wanaoteua Wagombea Urais

Ndugu wajumbe, wanangu na wajukuu zangu,

Nawaandikia ninyi mnaoketi katika mikutano mikuu ya vyama vya siasa, vyama vyote, Bara na Zanzibar, kwa sababu mlango wa kwanza wa kuingilia Ikulu umo mikononi mwenu. Katiba yetu haimruhusu mtu kugombea urais asipokuwa mwanachama aliyependekezwa na chama chake, na kwa hiyo mwananchi anapofika kituoni kupiga kura hukuta majina ambayo ninyi mlikwisha kuyapitisha. Nimekuwa ofisa utumishi katika halmashauri kwa zaidi ya miaka 30. Kazi yangu ilikuwa kusoma vyeti vya waombaji, kuwasaili, na kisha kuishi na matokeo ya uamuzi wangu. Ninalowaambia leo limetoka huko.

Sifa zilizoandikwa ni chache. Ibara ya 39 inamtaka mgombea awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, awe na sifa za kuwa mbunge au mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, na awe hajatiwa hatiani kwa kosa la kukwepa kodi katika miaka 5 kabla ya uchaguzi. Kwa upande wa elimu, sifa ya ubunge ni kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, basi. Mnakumbuka uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017, ambapo watumishi wa umma 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ule haukuwahusu wanasiasa, kwa kuwa sheria haiwadai cheti. Wengi wenu mliona hapo pana uonevu, na wapo wanaotaka tuwafuate Wakenya, ambao sheria yao inadai mgombea urais awe na shahada ya chuo kikuu kinachotambuliwa.

Mimi siungi mkono jambo hilo, ingawa vyeti ndivyo vilivyonilisha. Mwalimu Nyerere alikuwa na shahada kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh, na alipoacha uwaziri mkuu Januari 1962 ili akakijenge chama, alimwachia Rashidi Kawawa, mtu aliyetoka Sekondari ya Tabora, akawa karani wa serikali na kisha kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Sioni kwamba nchi ilipungukiwa kitu kwa sababu Kawawa hakutoka Edinburgh. Kuongoza wafanyakazi kulikuwa kumemfunza kusimama mbele ya watu wenye hasira na kuwasikiliza mpaka mwisho, na hilo halifundishwi darasani.

Niruhusuni niwasimulie kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita tulitafuta mtunza bohari. Mwombaji mmoja alikuwa na vyeti vizuri kuliko wote na alijibu kila swali la usaili bila kusita. Katika jalada lake kulikuwa na barua ya mwajiri wake wa zamani iliyosema, kwa lugha ya upole, kwamba kijana huyo ni hodari lakini haelewani na yeyote anayemkagua. Niliisoma, nikaiona ni kinyongo cha mkubwa, nikapendekeza aajiriwe. Katika mwaka wake wa pili ukaguzi ulikuta nusu ya saruji ya miradi ya shule haipo, na makarani wawili waliokuwa wamehoji mapema walikwisha kuhamishwa kwa maombi yake. Barua ile nimeikumbuka kila nilipoketi tena kwenye jopo la usaili.

Sasa isomeni Ibara ya 37 ya Katiba. Inasema kwamba Rais, mradi anafuata Katiba na sheria, yuko huru na halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale sheria inapomtaka afuate ushauri huo. Rais huyohuyo ndiye anayeteua Waziri Mkuu, mawaziri, majaji, Mkuu wa Majeshi, wakuu wa mikoa na wilaya, na hata wabunge hadi 10. Karibu kila mtu aliye karibu naye anakula kwa kalamu yake. Nani basi atamwambia kwamba jambo hili ni kosa? Kama hakuzoea kupingwa na kukatazwa kabla ya kuapishwa, hatajifunza akiwa humo. Kwangu mimi huu ndio uzoefu wa kwanza wa kuutafuta: awe ni mtu aliyewahi kukataliwa, kushindwa au kuwajibishwa, nasi tukaona alivyolipokea.

Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970, watu walipokufa huko Shinyanga wakiwa mikononi mwa vyombo vya dola. Hakuna aliyedai kwamba yeye ndiye aliyewapiga, lakini wizara ilikuwa yake, naye akajiuzulu. Akaenda kuwa balozi Misri, na aliporudi hakutumia nafasi zake kulipiza. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akawa Rais wa Muungano. Jakaya Kikwete naye aliomba uteuzi wa CCM mwaka 1995, akashindwa na Benjamin Mkapa katika mkutano mkuu, kisha akamtumikia Mkapa huyohuyo kama Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka 10. Unaweza kubishana na mengi waliyoyafanya wazee hawa wakiwa Ikulu, na mimi mwenyewe yapo nisiyokubaliana nayo, lakini walipoingia walikuwa wanajua ladha ya kukosa.

Uwaziri ni shule nzuri, na marais wetu wengi wameipitia. Ila msihesabu miaka tu. Ulizeni alipohamishwa wizara aliwaacha watu wa namna gani nyuma yake, kwa maana kazi kubwa ya rais ni kuchagua watu, na anayependa kuzungukwa na wanaomwogopa huanza tabia hiyo mapema sana, hata akiwa mkuu wa wilaya.

Na mgombea mwenza mpimeni kwa mizani ileile. John Magufuli alifariki dunia tarehe 17 Machi 2021, na siku mbili baadaye Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais, aliapishwa kuwa Rais kwa kipindi chote kilichobaki, kama Katiba inavyoelekeza. Hakukuwa na uchaguzi mwingine. Mikutano mingi hutumia siku nzima kwa jina la kwanza na dakika chache tu kwa jina la pili, na hilo linanitia wasiwasi kuliko mambo mengi.

Wenye nia watakuja mikoani kwenu kutafuta wadhamini. Mtapokea fomu, mtatoa kadi zenu, na pengine mtaandaliwa chakula. Kabla hamjatia sahihi, mwombeni kila mmoja awatajie mtu mmoja aliyewahi kumkatalia jambo kubwa katika kazi, na kueleza mtu huyo yuko wapi sasa. Kisha mtafuteni mtu huyo, nanyi mkamwulize yeye.

Mzee wenu,
Ofisa utumishi mstaafu,
Morogoro