Tangazo la fleti lituambie imebaki miaka mingapi

Mhariri,

Kila wikendi kurasa za matangazo hujaa fleti za Kilimani, Kileleshwa na Nyali. Tunaambiwa kuna lifti, kidimbwi cha kuogelea, jenereta na kisima. Bei ipo, nambari ya simu ipo. Kinachokosekana ni miaka iliyobaki kwenye ardhi iliyo chini ya jengo, na aina ya hati atakayopewa mnunuzi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Kwa fleti, hata kuingia ndani hakutoshi.

Sehemu kubwa ya ardhi ya mijini hapa Kenya imekodishwa na serikali, aghalabu kwa miaka 99. Miaka hiyo huhesabiwa tangu kiwanja kilipotolewa, si tangu siku uliyopewa funguo. Kiwanja kilichotolewa 1960 kinafika mwisho 2059. Aliyenunua fleti mpya juu yake mwaka 2020 alipata miaka 39, rangi ikiwa bado mbichi ukutani. Akitaka kuiuza 2040, mnunuzi atakuta miaka 19, na benki ya kumkopesha kwa muda mrefu itakuwa adimu. Bei itashuka hata kama jengo halina ufa.

Muda ukiisha, kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinampa mwenye ukodishaji uliokwisha nafasi ya kwanza ya kugawiwa tena, mradi awe raia wa Kenya na ardhi isiwe inahitajika kwa matumizi ya umma. Hiyo ni nafasi ya kwanza tu, wala haisemi kwamba atapewa bure. Asiye raia hawezi kushika ardhi kwa zaidi ya miaka 99 kwa mujibu wa kifungu cha 65 cha Katiba. Ndugu zetu walioko Ghuba, Ulaya na Marekani, ambao walipoteza uraia wa kuzaliwa kabla ya 2010 kwa kuchukua wa nchi nyingine, wanaruhusiwa na Katiba kuuomba tena. Wamalize shughuli hiyo kabla ya kutuma pesa.

Tuje kwenye hati, ambapo wengi huteleza. Zamani mjenzi alibaki na hati mama ya kiwanja kizima, kila mnunuzi akisajiliwa hati ya ukodishaji wa muda mrefu pamoja na hisa moja katika kampuni ya usimamizi. Ilitarajiwa kwamba fleti ya mwisho ikishauzwa, mjenzi angeihamishia kampuni hiyo haki yake ya kurudishiwa ardhi muda wa hati za wanunuzi ukiisha. Wapo wasiofanya hivyo miaka nenda miaka rudi. Mwenye hati mama anaweza kuitumia kukopea, au kuinua jengo jingine pale mlipodhani ni maegesho yenu.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, iliyoanza kutumika Desemba 28 mwaka huo, ilikusudia kukomesha hali hii. Mpimaji huchora ramani inayoonyesha kila fleti na eneo lake, hati mama hufungwa, kila mwenye fleti hupata hatimiliki yake pamoja na fungu katika mali ya pamoja, na wote huwa wanachama wa shirika la jengo. Hati za zamani zilipewa miaka miwili kubadilishwa. Muda huo ulikwisha Desemba 2022, na majengo mengi bado yako vilevile.

Kwa hiyo ukinunua fleti kuukuu, uliza kwanza: hati imebadilishwa? Kama bado, uliza ni nani atashughulikia na kwa gharama ya nani, kisha jibu liandikwe ndani ya mkataba. Kinachohitajika ni ramani ya mpimaji, hati mama, hati ya ukodishaji iliyosajiliwa na mgawanyo wa kodi ya ardhi. Ushuru wa stempu haulipwi mara ya pili kama ulilipwa hati ya kwanza iliposajiliwa. Mjenzi akigoma kutoa hati mama, msajili ana uwezo wa kuendelea bila hiyo na kuiwekea kizuizi. Lakini ramani haisajiliwi ikiwa ukodishaji wa ardhi umebakiza chini ya miaka 21. Kile kiwanja cha 1960 kina hadi 2038 tu, la sivyo muda uongezwe kwanza.

Upekuzi rasmi ufanywe kwa hati mama pia, hata kama fleti ina hati yake ya ukodishaji. Viwanja vya Nairobi hupekuliwa kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni. Tazama kama kuna deni la benki. Likiwepo, usilipe kabla ya kupata barua ya benki inayosema fleti yako itaachiliwa, na kwa kiasi gani cha pesa. Soma masharti maalumu ya hati mama: viwanja vingi vya mitaa ya zamani vilitolewa kwa nyumba ya familia moja, na bila kibali cha kaunti cha kubadilisha matumizi ghorofa hizo kumi hazina msingi wa kisheria. Dai pia cheti cha kaunti cha kuruhusu watu kuhamia. Anayenunua jengo likiwa bado mchoro ana hatari zaidi, kwani hakuna fleti ya kusajili. Malipo ya awali, kwa desturi asilimia 10, yashikwe na wakili badala ya kuingia mfukoni mwa mjenzi.

Gharama za serikali si za kubahatisha. Ushuru wa stempu mijini ni asilimia 4 ya thamani anayoipitisha mthamini wa serikali. Fleti ya Sh8 milioni ni Sh320,000 juu ya bei. Kodi ya faida inayopatikana kwa kuuza mali, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji, na asikusukumie.

Deni la ada ya huduma ndilo linaloleta ugomvi mwingi. Sh12,000 kwa mwezi zisipolipwa miaka miwili ni Sh288,000, na shirika litakugongea mlango wewe uliyehamia. Omba barua iliyotiwa sahihi inayoonyesha kilicholipwa, kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwisho, na uthibitisho wa bima ya jengo zima. Uliza pia kuna akiba kiasi gani. Lifti ikifa na mfuko ni mtupu, mtachangishwa wote, hata wa ghorofa ya chini asiyeipanda kamwe.

Mhariri, gazeti lako linaweza kusaidia kwa mstari mmoja katika kila tangazo: “Miaka 99 tangu Januari 1992, hatimiliki ya sehemu, haina deni la benki, ada Sh12,000 kwa mwezi.” Muuzaji asiyeweza kuujaza, nafasi yake auziwe mwenye gari kuukuu.

Mfuatiliaji wa masuala ya ardhi,
Mombasa