Mvue nguo zote kwanza

Mdogo wangu,

Picha za vipele vya mtoto wako ulizonitumia jana zimeninyima usingizi. Niliviona kwa mwanangu mwaka juzi, hapahapa Dodoma, mwezi wa saba, baridi na vumbi. Vipele vyekundu, vigumu, kama punje za mtama: mashavuni, viwikoni, magotini, makalioni. Jirani alisema ni maji ya chumvi. Zahanati tuliyoanzia wakasema ni upele ule wa kuambukizana, tukapakwa dawa nyumba nzima hadi baba yake, na vipele vikazidi.

Daktari wa ngozi ndiye aliyemvua nguo zote. Nakuomba nawe ufanye hivyo, mchana, mlangoni penye mwanga. Alikagua katikati ya vidole: hakuna vijia vya wadudu wa upele, na sisi wengine hatukuwa tunajikuna. Akamgeuza. Kifua, tumbo na mgongo, safi kabisa! Nilikuwa nimemwogesha kila siku na sikuliona hilo. Tetekuwanga hujaa hukohuko kifuani na mgongoni, tena ina malengelenge ya maji. Surua huja na homa kali, kikohozi na macho mekundu. Wangu alikuwa anacheza. Ndipo akauliza: wiki mbili zilizopita aliugua nini? Mafua tu, nilishayasahau.

Ugonjwa huo unaitwa Gianotti-Crosti. Gianotti, daktari wa Milan, Italia, aliueleza mwaka 1955. Mwili unapopambana na virusi, ngozi nayo huitika kwa vipele, hasa kwa watoto wa mwaka mmoja hadi sita. Si uchafu, mdogo wangu. Usikubali mtu akuambie ni uchafu.

Virusi vya homa ya ini B navyo vinaweza kuuleta. Ndiyo maana daktari alidai kadi ya kliniki aone chanjo za homa ya ini B za wiki ya 6, 10 na 14, akapapasa ini na tezi, akaagiza kipimo cha damu. Dawa aliyotoa ni ya kutuliza muwasho tu. Vipele vilikaa karibu wiki sita, vikaisha vyenyewe bila kovu. Krimu kali za dukani usimpake.

Ukiona macho ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, au madoa ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza, mpeleke hospitali usiku huohuo. Kama hakuna hayo, njooni na basi la asubuhi, nitawapokea stendi ya Nzuguni. Kadi ya kliniki usiisahau.

Dada yako