Barua ya wazi kwa George Bailey: nyota njema haionekani asubuhi kila mara

Bwana George Bailey,
Mwenyekiti wa wateuzi, timu ya kriketi ya wanaume ya Australia.

Salaam. Nakuandikia kutoka Mombasa, ambako siku ya kwanza ya Testi (mechi ya kimataifa ya siku tano) ya Melbourne huanza saa nane na nusu za usiku. Kwa hiyo mtu wa huku akiwa na maoni kuhusu wapigaji wenu wa kufungua, wale wawili wanaotangulia kupiga, ujue ameyalipia kwa usingizi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayobishania kriketi. Wa kukufasiria hawakosekani huko kwenu.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Desemba 2024 nilikuwa kitandani, simu kifuani, sauti nimeizima nisiamshe watu. Sam Konstas, miaka 19, mechi yake ya kwanza ya Testi, anasimama mbele ya Jasprit Bumrah, mrushaji wa India, na watu zaidi ya 87,000 uwanjani. Mwanzoni alijaribu kuuchota mpira kuupeleka nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji, akaukosa. Nikasema huyu hafiki mbali. Haukupita muda akajikunja tena, gongo kaligeuza, mpira ukavuka mpaka bila kudunda, mikimbio sita. Bumrah! Nilipiga ukelele, na nyumba nzima ikaamka.

Alitoka na mikimbio 60 kwa mipira 65. Kulipokucha, kundi letu la WhatsApp lilikuwa limeshampata Warner mpya, mrithi wa David Warner, mpigaji wenu wa kufungua wa miaka mingi. Miezi saba baadaye, baada ya ziara ya West Indies ambako alipata mikimbio 50 katika zamu sita zote kwa pamoja, watu wale wale wakaandika kwamba kijana hana kitu. Nanyi mkamwacha nje mfululizo wa Ashes, zile Testi zenu na England, ulipoanza.

Sisi wa kwenye kundi tuna udhuru, hatulipwi. Lakini hebu tazama zile zamu sita zilichezwa wapi. Katika ziara hiyo hiyo, kule Kingston, West Indies walitolewa wote kwa mikimbio 27. Timu nzima, 27! Ukimpima mpigaji kwa mfululizo wa namna ile, utamfukuza karibu kila mtu. Na zile 60 za Melbourne nazo hazikuwa ushahidi wa kudumu. Zilituonyesha kwamba kijana haogopi, basi. Ushahidi wa kwamba anaweza kukaa muda mrefu mlikuwa nao tangu Oktoba, alipofunga mia mara mbili katika mechi moja ya Sheffield Shield, ligi yenu ya majimbo: 152 na 105.

Kinachoniuma zaidi ni habari ya Nathan McSweeney. Huyu alikuwa akipiga nafasi ya tatu kwa jimbo la South Australia. Mkamtoa huko, mkampa kufungua, mkamkabidhi kwa Bumrah mwenye mpira mpya Perth. Alipata mikimbio 10 na 0 katika zamu zake mbili. Mechi tatu, mikimbio 72, kwaheri. Mlimpa kazi isiyo yake, mbele ya mrushaji bora duniani kwa wakati ule, halafu mkasoma matokeo kana kwamba ni mtihani wa haki. Hata fundi seremala hapimwi kwa kushona kanzu.

Tangu David Warner astaafu Januari 2024, kiti chake wamekikalia Smith, McSweeney, Konstas, Head, Labuschagne, Konstas tena, kisha Jake Weatherald. Daladala haibadilishi abiria hivyo.

Na kwamba mwanzo wa mtu hautabiri mwisho wake, nyinyi Waaustralia ndio mnaopaswa kulijua kuliko wote. Mrushaji Bob Massie alichukua wiketi 16, yaani aliwatoa wapigaji mara 16, katika mechi yake ya kwanza, Lord's, London, 1972. Akacheza Testi sita tu maishani. Shane Warne, mrushaji wa mpira wa kuzunguka, alianza Sydney, Januari 1992, kwa wiketi moja iliyogharimu mikimbio 150, tena ya Ravi Shastri wa India aliyekuwa ameshajipigia 206. Akamaliza na wiketi 708. Don Bradman mwenyewe, mfalme wa wapigaji wenu, alipata 18 na 1 kule Brisbane mwaka 1928, akatemwa mechi iliyofuata. Waliomtema angalau walijirudi haraka: mechi ya tatu aliitwa, akafunga 79 na 112.

Kwetu huku tunao mfano tulioushuhudia wenyewe. Oktoba 1996, Nairobi Gymkhana, Shahid Afridi wa Pakistan alifunga mia kwa mipira 37 mara ya kwanza anashika gongo katika mechi ya siku moja ya kimataifa. Watu husahau kwamba aliitwa aje arushe mpira wa kuzunguka, badala ya Mushtaq Ahmed aliyeumia. Miaka miwili baadaye akaanza Testi dhidi yenu, Karachi, na safari hii akang'ara kwa kurusha: wiketi tano katika zamu moja. Siku zake mbili za kwanza zilikuwa zikisema mambo mawili tofauti, na Testi zake zote hazikuzidi 27.

Sikuombi umrudishe Konstas kesho. Naomba kitu kidogo zaidi: kabla kijana hajavishwa ile kofia ya kijani ya Testi, mwambieni amepewa mechi ngapi na mnamtazama kwa lipi. Miguu yake inasogea mbele au imeganda? Mipira ya nje ya wiketi anaiacha? Akitolewa, ametolewa na mpira ambao ungemtoa yeyote, au kwa kosa lile lile la wiki iliyopita? Hayo yanaonekana hata mtu akipata sifuri. Weatherald alipata sifuri Perth, hamkumtoa, na mechi iliyofuata Brisbane akafunga 72. Kumbe mnaweza.

Tena wewe si mgeni wa mambo haya. Ulicheza Testi tano, zote katika Ashes ya msimu mmoja, 2013-14. Kule Perth ulimpiga James Anderson wa England mikimbio 28 katika ova moja, yaani mipira sita, ukaifikia rekodi ya Brian Lara wa West Indies. Timu ikashinda 5-0. Kikosi cha kwenda Afrika Kusini kilipotajwa, jina lako halikuwemo, na hukuvaa tena ile kofia. Ningependa kujua, Bwana Bailey: kuna aliyekuambia mapema walikuwa wanakutazama kwa lipi?

Wako,
Mkesha wa Desemba, Mombasa